Kilindo cha Mgeni

Nilipoanza ualimu Dodoma mjini, nikiwa nimepanga chumba Area D, nilikabidhiwa kitabu cha jiografia kilichokuwa na sura nzima juu ya jimbo moja la milima ya Andes, huko Amerika ya Kusini, na mistari miwili tu juu ya kwetu. Sura ile ilikuwa tamu, sikatai. Ilieleza namna watu wa jimbo lile wanavyoishi kwa ngazi: juu kabisa wanafuga, chini yake wanalima viazi, chini zaidi mahindi, na bondeni wanachota chumvi. Wa juu hushuka na sufu na nyama kavu, wa chini hupanda na nafaka, na kwa kuwa mvua haigomi kila mahali kwa wakati mmoja, aliyekosa anajua pa kwenda. Mwandishi aliwasifu mno watu wale. Mambo yao aliyaita uchumi.

Sisi je? Sisi tuliambiwa kwamba uwanda wa kati wa Tanzania ni mkame na wakazi wake hukumbwa na njaa mara kwa mara. Basi, nukta. Hakuna ngazi, hakuna chumvi, hakuna mtu anayekwenda kwa mwenzake. Ukikisoma kitabu kile utadhani tumekaa juani tangu enzi za mababu, tumekunja mikono, tunasubiri lori la msaada. Watoto wa makarani na wa madereva wa serikali niliokuwa nikiwafundisha walikariri Andes yote kwa ajili ya mtihani, na mistari yetu miwili waliikariri pia, maana ilikuwa mifupi.

Mimi ilinikera, na bado inanikera, kwa sababu nimezaliwa na ngazi hizo hizo.

Baba yangu ni mtu wa vilimani, juu ya Mpwapwa, ambako ukungu wa asubuhi hukaa mpaka jua lipate nguvu, na mvua, hata ikiwa mbaya, haikosi kutuachia mtama na maharage kidogo. Mama ni mtu wa ukingo wa mbuga ya Bahi, upande wa pili wa Dodoma. Huko ni chini. Maji ya mvua huteremka yakakosa pa kutokea, yakatuama, yakakauka, yakaacha udongo mweupe. Wanawake hukwangua udongo ule, huuchuja kwa maji katika vyungu vilivyotobolewa chini, kisha huyachemsha yale maji mpaka inabaki chumvi. Wana ng'ombe pia, na kambale wa kukausha, na miaka mizuri wana mpunga. Miaka mibaya hawana hata punje ya kumtupia kuku.

Mwaka wa namna hiyo, watu wa Bahi walipakia chumvi na kambale juu ya punda wakapanda kwetu. Neno lake ni kuhemea. Siku hizi nawasikia watu wa mjini wakilitumia kana kwamba ni kuomba. Si kuomba hata kidogo. Anayehemea ana nyumba yake anayoiendea, nyumba ile ile aliyoiendea baba yake, na akifika hatangazi shida. Anaamkia, anakaa, anatoa chumvi. Mama mwenye nyumba akishaipokea, mazungumzo yamekwisha. Mgeni atalishwa, na asubuhi atapimiwa nafaka kwa kipimo cha mgeni: debe linajazwa mpaka mdomoni, kisha linaongezwa mpaka linachomoza juu. Kile kilima kidogo cha juu tulikiita nundu. Zile zinazomwagika kwenye ngozi iliyotandikwa chini ni zake pia. Mifuko yote aliyokuja nayo hujazwa, naye kwa adabu yake haji na mifuko mingi kuliko migongo ya punda wake. Bei haitajwi. Mwaka tulipokosa sisi, baba alishuka Bahi na akarudi na mbuzi na mpunga, na huko nako hakuna aliyemtajia bei.

Mama mwenyewe alifika Mpwapwa kwa mara ya kwanza akiwa binti mdogo, anafuata punda wa baba yake. Babu yangu mzaa baba alimkumbuka, na miaka ilipopita akatuma watu Bahi kwenda kumposa. Kwa hiyo nikisema nimezaliwa na kuhemea, sisemi kwa mafumbo.

Ndani ya tembe yetu palikuwa na vilindo vitatu, yale mapipa makubwa ya gome la mti ambamo nafaka hukaa. Viwili vilikuwa vya kula na kuuza, na baba ndiye aliyekuwa na kauli juu yake. Cha tatu kilisimama nyuma ya kitanda cha mama, na hicho kilikuwa cha mgeni. Kilijazwa kwanza wakati wa mavuno, kabla sisi hatujaonja, kikafunikwa, na kifuniko kikasiribwa kwa udongo. Hakikufunguliwa mpaka aje mtu na chumvi. Mwaka ukipita bila mgeni, mama alitutolea mtama wa zamani akatia mpya. Kufuli lake lilikuwa neno la mama tu. Nimelala mara nyingi na uji mwepesi tumboni, kilindo kile kikiwa kimejaa upande wa pili wa ukuta, na halikumjia mtoto yeyote wazo la kukigusa. Sasa mtu asinijie hapa na suti yake kuniambia kwamba Mgogo hajui kuweka akiba.

Nisieleweke vibaya, sisifii kila kitu cha zamani. Serikali ya miaka ya nyuma nayo ilituchezea vya kutosha. Nafaka ilikuwa ya kuliuzia shirika peke yake, kwa bei iliyopangwa na watu wasiojua hata jembe linashikwaje, na barabarani paliwekwa vizuizi. Mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, alikamatwa siku moja karibu na mji akiwa na punda wawili wa mtama wa dada yake. Wakamwambia anafanya magendo. Akajieleza, wakamcheka. Mtama ukabaki kituoni na yeye akarudi kwa watoto wake na mifuko mitupu. Tangu siku hiyo akawa anapita porini, upande wa Mvumi, anamkwepa mgambo kama mwizi, na alichobeba ni chakula alichopewa na ndugu yake wa damu.

Kwa hiyo vizuizi vilipoondolewa na kila kitu kikawa ruksa, hakuna aliyefurahi kumshinda mama. Ruksa kuuza, ruksa kununua, ruksa kusafirisha. Maduka ya Mpwapwa yakajaa sabuni, betri na mitumba, vitu tulivyokuwa tumevisahau. Shuleni tulianza kufundisha habari za soko huria, na nikiwa likizo mama aliniuliza kama ni kweli kaka yake sasa anaweza kupita barabara kuu mchana kweupe. Nikamwambia ni kweli. Akasema basi soko hilo ni jambo jema, na mimi sikuwa na sababu ya kumbishia.

Mwaka ninaousimulia, mavuno yetu yalikuwa ya wastani. Bahi hali ilikuwa mbaya, mvua ilikata mtama ukiwa bado haujatoa masuke. Mjomba alitutumia salamu kwa kondakta wa basi: angepanda kuja kwetu kabla ya mvua mpya. Mama alikijaza kilindo cha mgeni mpaka ukingoni, akakifunika, akasiriba udongo, akanawa mikono. Kilichokuwa mle ndani kilikuwa maisha ya kaka yake, ya mkewe na ya watoto wao mpaka mvua zitakaposhika, na nyumba nzima ililijua hilo.

Lori likaja katikati ya mwaka, nikiwa nyumbani kwa likizo.

Nilitarajia mfanyabiashara awe mtu wa kelele na miwani ya jua. Huyu, mwenye duka mjini Mpwapwa, alikuwa mpole. Aliliacha lori chini, shuleni, akapanda kwa miguu. Alipofika uani alivua kofia akasema "Mbukwenyi," salamu yetu, kwa lafudhi mbovu lakini kwa heshima zote. Akamwamkia baba shikamoo. Alipoletewa kiti alikikataa, akaketi kwenye kigoda. Kisha akatoa mfuko wa chumvi akaukabidhi kwa mikono miwili. Wala hakumpa baba. Alimpa mama.

Mpaka leo najiuliza alifundishwa na nani, ingawa jibu ninalo. Palikuwa na dalali aliyekuwa akimtafutia mazao, kijana wa kwetu kabisa, aliyenyonya na kukulia pale. Adui wa nje hawezi kujua kwamba chumvi hupewa mama. Hilo analijua mwenyeji tu, na mwenyeji ndiye aliyeliuza.

Mama akapokea. Ilikuwa chumvi ya dukani, ya pakiti, laini na nyeupe, isiyotoka kwenye jasho la mtu yeyote tunayemfahamu, lakini chumvi ni chumvi. Mgeni akasongewa ugali, akaletewa mlenda, akala vizuri na akashukuru vizuri. Baada ya kunawa ndipo aliposema, macho chini, kwamba watu wake wana njaa na amekuja kuhemea kwa dada yake. Hakueleza ni watu gani. Kwa adabu yetu, hakuna aliyemuuliza.

Vilindo vya baba alivilipia. Bei ilikuwa ndogo, ila ilikuwa bei, na fedha ile ilikwisha kwa kodi na michango ya shule ya wadogo zangu kabla hatujaizoea. Magunia aliyokuja nayo yalikuwa ya lumbesa, yameongezewa kitambaa juu ili yameze zaidi, na kila debe lililoingia mle lilikuwa na nundu, kwa sababu baba hakujua namna nyingine ya kumpimia mgeni. Mtu yule hakuidai nundu. Alinyamaza tu akaacha apewe. Baba alituachia kidogo chini ya kilindo kimoja, cha kutuvusha. Magunia kadhaa yakabaki matupu uani. Mgeni akayatazama, akauliza kwa upole kama hakuna kingine.

Na hapo ndipo mtego ulipokuwa. Mgeni hujaziwa alichokuja nacho. Waliotuachia desturi hiyo walikuwa wanamfikiria mtu na punda wake. Hawakupata kuona lori.

Mama aliinuka akaingia ndani, nami nikamfuata. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba yule si mhemeaji, ni mchuuzi mwenye gari, na kwamba mtama huu ni wa mjomba. Kama ni lazima atoe, basi bei itajwe kwanza. Alinitazama kwa jicho ambalo sikuwahi kuliona tangu nilipokuwa mdogo.

"Nimeshapokea chumvi," alisema. "Usiniaibishe mbele ya mgeni."

Akaubandua ule udongo. Alipima mwenyewe, debe baada ya debe, nundu juu ya kila moja, mpaka mkono ukawa unagonga gome la chini. Bei hakuitaja, maana kilindo kile hakiuzwi. Naye mfanyabiashara, alipoona hatajiwi bei, akajua kunyamaza. Wahenga wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nawaheshimu wahenga, lakini siku ile nilitamani nimpate mmoja wao anieleze sisi tulipona nini.

Lori lilipoondoka niliwaka. Nilisema maneno mengi, mengine ya kitabuni. Mama aliniacha nimalize, kisha akanieleza kwa utulivu, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba, kwamba nisihofu. Yule mtu ameshakula kwetu, ameshatuletea chumvi, kwa hiyo sasa tuna nyumba mjini Mpwapwa. Mjomba akija, tutakwenda huko kuhemea kwa ajili yake. Aliamini kila neno alilosema. Alikuwa amefanya hesabu yake vizuri kabisa kwa kanuni alizolelewa nazo, na kwa kanuni hizo haikuwa na kosa.

Niliporudi likizo ya Desemba, anga lilikuwa kavu na mjomba alikuwa ameshafika siku ileile. Punda wake wawili walikuwa wamekonda mpaka mbavu zinahesabika, na yeye mwenyewe hakuwa nyuma yao. Alikuwa amepita barabara kuu safari hii, mchana kweupe, na alilisimulia jambo hilo kwa furaha. Alimpa mama chumvi ya Bahi, ya kijivu, yenye harufu ya moshi wa kwao. Mama akaipokea bila kusita. Akamlisha, akamwambia apumzike, kesho atatoka kidogo.

Asubuhi tuliteremka Mpwapwa, mama na mimi. Alivaa kanga yake ya kanisani. Mkononi alibeba kibuyu kidogo alichokitia sehemu ya chumvi ya mjomba.

Duka la yule mfanyabiashara lilikuwa karibu na stendi, na ghala lilikuwa nyuma yake, mlango wazi, magunia yamepangwa mpaka darini. Watu walikuwa wengi, na wengi wao niliwafahamu. Ni wa vijiji vyetu vya juu, waliouza mwezi wa saba na sasa wanauziwa. Bei ilikuwa imeandikwa kwa chaki mlangoni na iliniacha mdomo wazi. Lakini bei si kitu. Kilichonitia wazimu ni debe. Lilikuwa debe la bati kama yale tuliyomjazia, kitako chake kimebonyezwa kwa ndani, na kila likijaa, mtu wake alipitisha ubao juu ya mdomo, fyuu, punje zote za juu zikarudi kwenye lundo. Nundu bwana yule aliipokea kwa mikono miwili alipokuja kwetu. Kwake aliikata kwa ubao.

Mama hakuyaona hayo, au aliyaona na hakuyapa maana. Alingoja zamu yake, akamwamkia kwa Kigogo, akamuulizia watu wake kama walipona ile njaa. Yule bwana alimkumbuka. Akatabasamu, akaagiza mama aletewe soda. Mama akaweka kibuyu juu ya kaunta kwa mikono miwili, akarudi nyuma hatua moja, akasubiri.

Mfanyabiashara alikifungua, akachungulia, akakirudisha taratibu.

"Dada," alimwambia, "hapa ni dukani. Chumvi ninayo."

Mama alibaki amesimama. Nilimwona anatafuta mahali alipokosea: labda salamu, labda mkono. Akamwambia kwamba kaka yake amekuja kutoka Bahi. Akamwambia kwamba kilindo alichomfungulia kilikuwa cha huyo kaka. Bwana yule alitikisa kichwa kwa huruma kabisa, akamwonyesha bei mlangoni.

Hapo nilishindwa kujizuia. Nilimuuliza mbele ya watu wote: si alisema watu wake wana njaa?

"Sikudanganya, mwalimu," alijibu. "Dar es Salaam nako wanakula. Au mlitaka wafe?"

Watu wawili watatu walicheka. Nikamwambia alichukua mali bila kulipa. Akaniuliza, bila hasira hata chembe, kama kuna aliyeshikiwa fimbo. Akaniambia kununua ni kununua na kuuza ni kuuza, na kwamba mimi mwalimu ndiye wa kuwaeleza wenzangu. Nilikuwa nimefundisha habari za soko hilo muhula mzima, ubaoni, kwa chaki za rangi, na kwa vitabu vyote nilivyosoma mtu yule hakuwa na kosa. Hakuna sheria aliyovunja. Ningeweza kumpeleka popote, na popote wangempa kiti akae. Hilo ndilo lililonitoa machozi pale mbele ya watu, machozi ya hasira, na sioni haya kuyasema.

Mama alichukua kibuyu chake. Soda aliiacha kwenye kaunta haijafunguliwa.

Tulipanda mlima. Karibu na nyumbani ndipo aliposimama kupumua, akasema kama anayezungumza na nafsi yake, "Maskini, yule hana kwao." Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka amlaani, amtukane, aseme ni mwizi. Yeye alikuwa anamsikitikia.

Tulipofika hakuketi. Aliingia jikoni, akageuza kinu, akapanda juu yake. Juu ya meko, kwenye moshi, ndiko yalikoning'inia masuke ya mbegu, yale makubwa yaliyochaguliwa shambani moja moja kabla ya mavuno. Mbegu haziguswi. Hata mwaka wa kula mizizi haziguswi. Baba alikuwa mlangoni na aliona mkono wake unakwenda wapi. Nilimgeukia nikitumaini atamzuia. Baba alikuja akashika kinu kisiyumbe, akawa anayapokea masuke yanaposhushwa.

Walipura wenyewe, wakapepeta. Mifuko ya mjomba haikujaa, lakini mmoja ulisimama. Mjomba aliingiza mkono, akanusa. Mtama wa mbegu hujulikana kwa harufu ya moshi, na yeye alikuwa mkulima kabla sijazaliwa. Akamuuliza mdogo wake kulikoni. Mama akamweleza yote, bila kupunguza na bila kujitetea: mgeni alikuja, yeye akapokea chumvi yake, akakifungua kilindo, na leo mgeni huyo amemwonyesha bei.

Mjomba aliutoa mkono mfukoni.

"Alikuja na chumvi?" aliuliza.

"Alikuja nayo."

"Basi ulifanya vyema."

Nilikuwa nimesubiri angalau yeye akasirike, mtu ambaye watoto wake walikuwa wanasubiri kule chini, na yeye ndiye aliyemtuliza dada yake. Mbegu alizichukua, kwa sababu chumvi ilikwisha kupokelewa na kukataa kungekuwa kumtukana. Punda mmoja alibeba. Wa pili alirudi mtupu, akimfuata mwenzake kwenye barabara kuu isiyo na kizuizi.

Mvua ilinyesha juma lililofuata. Ilikuwa mvua nzuri, ya kunyesha usiku na kuacha mchana ili watu walime, na sisi hatukuwa na cha kupanda. Baba aliuza mbuzi wa maziwa, akateremka Mpwapwa, akarudi na mbegu za dukani katika mfuko mdogo aliouweka kwapani. Nusu ya shamba letu ilibaki tupu mwaka ule. Majirani waliuliza, nasi tulisema ukweli, na ukweli ulitembea mpaka ukafika wilayani umeshakonda.

Mapema Januari, kabla sijarudi kazini, akaja afisa kutuhutubia juu ya chakula. Tulikusanywa katika darasa la shule ya msingi, watu wazima tumebanana kwenye madawati ya watoto. Alikuwa kijana msafi, msomi, na nadhani hakuwa na nia mbaya. Alituambia kwamba serikali imefungua soko, sasa ni juu yetu. Alituambia tujifunze kuweka akiba. Kisha akakunja uso, akasema amesikia jambo la aibu, kwamba katika kijiji hiki kuna watu wamekula hadi mbegu, na mtu anayekula mbegu hata asaidiweje hasaidiki.

Niliinua mkono, nikiwa na hotuba nzima kichwani, na Andes na ngazi zake. Mama alinivuta nguo, nikashusha mkono. Akasimama yeye. Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu, cha mtu anayekichagua neno kwa neno, kwa sababu nyumbani hakukitumia.

"Hazikuliwa hapa," alisema. "Nilizitoa mimi. Nilimpa kaka yangu. Akija tena, nitatoa tena."

Afisa alitazama huku na huku, akacheka kidogo ili kulainisha mambo. Akamuuliza, sasa mama, ukishatoa mbegu zote, mwaka utakaofuata utafanyaje?

"Nitakuja kwako," mama alimjibu. "Nitakuletea chumvi."

Afisa alicheka sana, akasema mama huyu ana utani. Katika darasa lile hakuna mwingine aliyecheka.